Ukiacha Ndege ya Kwenda, ya Kurudi Haipo

Mkoa wa Simiyu ulimegwa kutoka mikoa ya Shinyanga na Mwanza mwaka 2012, na mpaka leo mtu wa Bariadi anayetaka kupanda ndege ya ratiba huianza safari yake barabarani. Hupanda basi au Noah alfajiri, hushuka hadi Lamadi, hukata kushoto kuifuata barabara ya Musoma kuelekea Mwanza, hupita Magu na Kisesa, kisha huvuka jiji zima mpaka Ilemela uliko uwanja wa ndege. Ni mwendo wa saa tatu au zaidi. Wa Meatu na Itilima huanzia mbali zaidi. Wa Busega wana nafuu, maana wamo njiani.

Kwa msafiri wa aina hii ndege ni kipande kimoja cha safari yenye vipande vingi, na mipango yake hubadilika kirahisi. Lifti ya gari la ofisi hutokea. Kikao huhamishiwa mji mwingine. Mgonjwa aliyepangiwa kuondoka Jumatano huzidiwa Jumatatu akakimbizwa hospitali ya Bugando. Mwenye tiketi ya kwenda na kurudi hujiambia: ya kwenda imenipita, si neno, nitatumia ya kurudi. Hapo ndipo fedha nyingi za watu wetu hupotelea. Tiketi ikishakatwa kama safari moja ya kwenda na kurudi, aliyeacha ndege ya kwenda kwa kawaida hana tena ndege ya kurudi.

Chukua ofisa wa halmashauri aliyekatiwa tiketi ya Mwanza–Dar es Salaam–Mwanza, kwenda Jumatano, kurudi Jumamosi. Jumatatu anaitwa TAMISEMI, Dodoma, kwa kikao cha dharura. Anapanda basi kupitia Shinyanga, Nzega na Singida. Kikao kinaisha Jumatano jioni. Alhamisi anapanda treni ya SGR, ambayo tangu 2024 imeifanya Dodoma kuwa umbali wa saa chache tu kutoka Dar es Salaam, anamaliza kazi yake ya Dar, na Jumamosi alfajiri yuko kaunta katika uwanja wa Julius Nyerere, kitambulisho mkononi. Mhudumu anatafuta jina, halipo. Ndege ina viti, na kiti chake kililipiwa, lakini anaambiwa anunue tiketi mpya kwa bei ya siku hiyohiyo, ambayo mara nyingi ndiyo ya juu kuliko zote. Akifika Bariadi kuna kazi nyingine: kurejesha masurufu na kumweleza mhasibu, na baadaye mkaguzi, kwa nini halmashauri ililipia kiti ambacho hakuna aliyekikalia, kisha ikalipia kingine.

Kilichomponza kilitokea Jumatano, yeye akiwa kikaoni. Zamani tiketi ya ndege ilikuwa kijitabu chenye kurasa za kaboni, ukurasa mmoja kwa kila ndege, na mhudumu alichana ukurasa baada ya ukurasa kwa mpangilio. IATA, chama cha kimataifa cha mashirika ya ndege, kilikomesha karatasi hizo tarehe 1 Juni 2008, lakini mpangilio wa kurasa ulihamia kwenye kompyuta ulivyo. Kila kipande cha safari kina hali yake: bado hakijatumika, abiria amepokewa kaunta, au kimesharuka. Ndege ya Jumatano iliporuka bila ofisa wetu, na bila yeye kutoa taarifa, mfumo uliandika kwamba hakutokea, kisha ukafuta vipande vyote vilivyofuata. Hakuna mtu aliyekaa akaamua hivyo. Kiti cha Jumamosi kilirudi sokoni, pengine saa hiyohiyo.

Mara nyingi abiria hapati hata ujumbe wa simu, na sababu yake ni ya kwetu kabisa: wakala wa tiketi huandika namba yake mwenyewe kwenye bukingi. Taarifa ikitumwa, humfikia wakala aliyelala Nyakato, Mwanza, na mwenye tiketi hajui lolote. Ukikatiwa tiketi na mtu mwingine, awe wakala au ofisa ugavi, hakikisha namba iliyomo ni yako. Jambo hili ni dogo na halina gharama, lakini limeokoa safari nyingi kuliko ushauri mwingine ninaoutoa.

Mashirika yana hoja yao, na ina uzito. Bei ya tiketi ya kimataifa haipangwi kwa kilomita. Hupangwa kwa jozi ya miji na kwa ushindani uliopo kati ya miji hiyo. Shirika lenye makao Nairobi lina nguvu kwenye safari ya moja kwa moja ya London–Nairobi, lakini likitaka abiria wa London–Dar es Salaam linapambana na wanaopitia Addis Ababa, Doha, Dubai na Istanbul. Hutokea basi kwamba safari ndefu inayopitia Nairobi inauzwa kwa bei ya chini kuliko fupi inayoishia hapohapo. Hutokea pia kwamba tiketi ya kwenda na kurudi inauzwa karibu sawa na ya kwenda tu, au chini yake. Kama kila mtu angeruhusiwa kununua safari ndefu na kutumia kipande anachokitaka, bei hizo zisingesimama siku mbili. Sharti la kutumia vipande kwa mpangilio ndilo linalozilinda.

Sasa nije kwa ndugu zetu walio nje, maana kwao hasara huwa kubwa zaidi na huja wakati mbaya zaidi, mara nyingi wakati wa msiba. Mtu anaishi Uingereza, amefiwa na mzazi kijijini nje ya Bariadi. Amekatiwa tiketi ya London–Nairobi–Dar es Salaam–Mwanza na kurudi njia hiyohiyo. Anafika Nairobi asubuhi, anaitazama ramani, na ramani inamwambia kweli tupu: anakwenda kupelekwa pwani ya Bahari ya Hindi kisha arudishwe Ziwa Victoria, ilhali kutoka Nairobi kuna lami ya kupitia Narok, Kisii na Migori hadi mpaka wa Isebania na Sirari, kisha Tarime, Bunda na Lamadi, anakata kushoto na yuko nyumbani. Jamaa wenye gari wanamsubiri nje ya uwanja. Anatoka nao.

Kijiografia amefanya sawa. Kimkataba ameiua tiketi yake. Ndege ya Nairobi–Dar ikiruka bila yeye, vipande vya Dar–Mwanza, Mwanza–Dar, Dar–Nairobi na Nairobi–London vyote huondoka pamoja nayo. Atayajua hayo baada ya matanga, siku anayotaka kurudi kazini, na tiketi ya haraka ya kwenda London tu inaweza kumgharimu kuliko tiketi yote ya mwanzo. Na hata kama angekuwa tayari kupoteza ya kurudi, bado kuna mzigo. Begi lililobandikwa lebo ya safari ya mbele halitoki Nairobi kwa sababu wewe umetoka. Litasafiri hadi Dar, au litashushwa na kubaki kwenye chumba cha mizigo, na sanda na nguo za msibani zimo ndani. Kuna pia karatasi za mpakani. Mtanzania mwenye pasi ya Tanzania anaingia Kenya kama mwana Afrika Mashariki, lakini aliyekwisha kuchukua uraia wa Uingereza anahitaji kibali cha kielektroniki ambacho Kenya ilianza kukidai Januari 2024, na aliyepanga kubadilisha ndege tu ndani ya uwanja hakukiomba.

Kama mtu huyu ananisoma leo, kabla hajalipa, jibu lake ni jepesi: anunue London–Nairobi na kurudi, aishie hapo kwenye tiketi kama anavyoishia kwenye ramani. Ikiwa bei ni kubwa kidogo kuliko ile ya Mwanza, tofauti hiyo ndiyo gharama ya uhuru wake wa kupita Sirari, na ni ndogo kuliko hasara niliyoieleza.

Suala la begi halihusu kero ya msafiri mmoja tu. Juni 1985 mtu mmoja alikabidhi begi Vancouver, Kanada, lifike ndege ya Air India namba 182, na yeye mwenyewe hakupanda. Bomu lililokuwa ndani liliiangusha ndege hiyo karibu na Ireland na kuua watu 329. Desemba 1988 begi jingine lisilo na mwenyewe liliilipua ndege ya Pan Am juu ya Lockerbie, Uskoti, wakafa watu 270. Tangu hapo kanuni za usalama za Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga, ICAO, zinadai begi la abiria asiyepanda lishushwe, au lipitishwe ukaguzi wa ziada kabla ya kusafiri. Kwa hiyo anayetoweka Nairobi akiacha begi ndani ya ndege anaweza kuwasimamisha abiria wenzake wote uwanjani hadi mzigo wake upatikane. Abiria wa baadaye anayechelewa kuunganisha ndege ya Mwanza kwa sababu hiyo hatajua nani wa kumlaumu.

Si kila kipande kinachoachwa kina hatari sawa, na sipendi kuwatisha watu bila sababu. Mfanyabiashara wa Bariadi anayekwenda Guangzhou hukata Mwanza–Dar–Guangzhou–Dar–Mwanza. Anaporudi na kushuka Dar, mara nyingi hulichukua begi lake hapohapo kwa ajili ya forodha. Akiamua kubaki Kariakoo wiki nzima kugawa mzigo, kisha apande basi na marobota yake, kipande alichokiacha ni cha mwisho. Hakuna kilichobaki cha kufutwa. Ikiwa bei yake haina sharti la kukokotolewa upya, na kama hana mazoea ya kufanya hivyo kila mara kwa kadi ileile ya pointi za uaminifu, hatari yake ni ndogo. Bado ningemshauri apige simu kabla ndege haijaruka, aachie kiti, na aulize kuhusu ada zilizomo kwenye tiketi, kwa mfano ada ya huduma ya abiria inayotozwa uwanjani, ambayo haikutumika.

Lakini geuza safari hiyohiyo. Mfanyabiashara yuleyule alikuwa tayari Dar siku tatu kabla, akifuatilia malipo Kariakoo, na akaona hakuna haja ya kurudi Mwanza ili apande ndege ya kumrudisha Dar. Anakwenda moja kwa moja kwenye kaunta ya Guangzhou. Hapo ameacha kipande cha kwanza, na Guangzhou yote imekufa, kwenda na kurudi. Safari fupi ya ndani ikiachwa mwishoni kwa kawaida haina madhara makubwa. Ikiachwa mwanzoni inaondoka na kila kitu. Kama kuna jambo moja ambalo mawakala wa Mwanza na Bariadi wangelieleza kwa kila mteja kabla ya kupokea fedha, ningependa liwe hilo.

Wapo wanaonunua safari ndefu kwa makusudi ili washuke katikati, na huko Marekani kuna kampuni, Skiplagged ya New York, inayowatafutia watu tiketi za namna hiyo. Shirika la ndege la United lilifungua kesi dhidi yake mwaka 2014, likashindwa mwaka uliofuata kwa kuwa mahakama ya Chicago haikuwa na mamlaka juu yake. American Airlines ilijaribu tena huko Texas, na Oktoba 2024 baraza la wazee wa mahakama likaamuru ilipwe dola milioni 9.4. Kwa msafiri wetu mbinu hiyo haifai hata bila kesi. Ndege ikifutwa, shirika lina haki ya kukupitisha njia nyingine mradi likufikishe mwisho wa tiketi. Ulitaka Nairobi, tiketi inasema Dar, basi watakupeleka Dar kupitia Addis, na Nairobi hutaiona.

Zaidi ya mbinu hizo, yapo maswali ambayo mahakama za Ulaya zimeyajibu kwa namna inayotuhusu. Aprili 2010 Mahakama Kuu ya Shirikisho ya Ujerumani ilibatilisha masharti ya British Airways na Lufthansa yaliyomnyima abiria vipande vilivyobaki kwa sababu tu ameacha kimoja. Lufthansa ikageukia njia nyingine, ya kukokotoa upya nauli. Abiria mmoja aliyekata Oslo–Frankfurt–Seattle na kurudi aliposhuka Frankfurt na kuacha kipande cha mwisho cha Oslo, shirika lilimdai zaidi ya euro 2,100. Desemba 2018 mahakama ya Berlin ilikataa dai hilo kwa kuwa ukokotoaji wenyewe haukuwa wazi kwa mteja. Mwezi mmoja kabla, Mahakama Kuu ya Hispania nayo iliona sharti la Iberia la kufuta kipande cha kurudi ni la kumwonea mlaji. Majaji hao hawakusema abiria afanye atakavyo. Walisema aliyekwisha kulipia kiti asinyang'anywe bila sababu inayoeleweka.

Kwetu Mkataba wa Montreal wa 1999, ambao Tanzania imo, unashughulikia vifo, majeraha, mizigo na ucheleweshaji. Aliyeacha ndege ya kwenda haumsaidii. Anabaki na masharti ya shirika, na masharti hayo ameyakubali kwa kuweka alama ya vema kwenye simu, au wakala ameyakubali kwa niaba yake bila kumwonyesha.

Hapa ndipo ninapotofautiana na mashirika. Hoja ya bei niliyoieleza inahusu safari za kimataifa. Ndani ya Tanzania nauli nyingi hupangwa kwa kila upande peke yake: ukinunua Mwanza–Dar na Dar–Mwanza kwa pamoja, unachokilipa ni jumla ya nauli mbili. Aliyeacha ya kwenda hajapata punguzo lolote asilostahili. Kiti chake cha kwenda kimelipiwa na shirika limebaki na fedha. Kumfutia na cha kurudi ni kumlipisha mara mbili kwa kosa ambalo pengine ni la tairi lililopasuka Nyanguge. Sioni kinacholindwa hapo.

Mpaka jambo hili litakaporekebishwa, msafiri wa Simiyu ajilinde mwenyewe. Kwa safari za ndani, kama hana uhakika wa tarehe hata moja, akate tiketi mbili, ya kwenda peke yake na ya kurudi peke yake, hata kama ni shirika moja na siku moja. Kwa kawaida bei haitabadilika, na moja ikifa nyingine inabaki hai. Wanaosindikiza wagonjwa Muhimbili wafanye hivyo daima, maana hakuna daktari anayeweza kuwaahidi siku ya kuruhusiwa. Kwa safari za nje tiketi moja ina faida yake: ndege ya Mwanza ikichelewa, shirika lililouza safari nzima lina wajibu wa kukufikisha. Ukitenganisha, wajibu huo unakuwa wako, kwa hiyo lala Dar usiku mmoja kabla.

Wengine humwachia mdogo wao kipande cha kurudi ili kisipotee. Hakitumiki. Jina la tiketi ni lazima lilingane na kitambulisho, na nauli nyingi haziruhusu kubadilisha jina.

Na ukiona hutawahi, piga simu kabla ndege haijaruka. Usisubiri jioni wala kesho. Aliyetoa taarifa mapema ni mteja anayebadilisha safari: atalipa faini ya mabadiliko na tofauti ya nauli, na vipande vyake vilivyobaki vinaweza kuokolewa. Asiyetoa taarifa ni abiria ambaye hakutokea, na milango mingi kwake imefungwa. Ukiwa umekwama Magu na gari bovu, simu hiyo ina thamani kuliko bodaboda ya kukukimbiza uwanjani ufike mlango ukifungwa.

Italia imepata suluhisho ambalo halina gharama. Huko mamlaka ya ushindani iliyabana mashirika, na sasa masharti ya tiketi zinazouzwa nchini humo yanamruhusu aliyeacha ndege ya kwenda kuihifadhi ya kurudi, mradi atoe taarifa ndani ya saa 24 tangu muda wa ndege aliyoikosa. Shirika linajua kiti kitatumika, abiria hapotezi alicholipia, na mwenye nia ya kudanganya hapati nafasi kubwa. Tunazo taasisi za kufanya hivyo: Mamlaka ya Usafiri wa Anga, TCAA, pamoja na baraza lake la watumiaji wa huduma, na Tume ya Ushindani iliyopewa jukumu la kumlinda mlaji na Sheria ya Ushindani ya 2003. Naziomba zianze na safari za ndani, ziweke sharti la saa 24 kwenye kila tiketi inayouzwa nchini, na ziyatake mashirika na mawakala walisome kwa Kiswahili kwa mteja kabla ya kupokea malipo.